Karani ni Nani? Habari za Neno Moja la Kiingereza

Siku moja katika juma la kabla ya Pasaka alifika ofisini kwetu kijana wa kidato cha pili, mtoto wa hapa hapa Kitendaguro, kuchukua cheti cha ubatizo cha mdogo wake. Nilipokuwa nafunua daftari kubwa, yeye akasoma kibao kidogo kilicho juu ya meza yangu, ambacho kimeandikwa kwa Kiingereza: Parish Clerk.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. (Wengi hapa waniita mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea chuoni.) "Naomba kuuliza. Katika kitabu chetu cha Kiingereza, clerk ni mtu auzaye dukani. Je, wewe wauza nini hapa?"

Wazee waliokuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri Paroko walicheka sana, nami nikacheka. Nilimjibu kwa maneno machache, nikampa cheti chake, akaenda. Lakini swali lenyewe halikuniacha. Nikasema, jibu refu nitaliandika gazetini, maana hata wale waliocheka sidhani kama walilijua, na mimi mwenyewe nililijua nusu.

Kwanza nimtetee kijana. Kitabu chake hakikusema uongo. Waingereza hulitamka neno hilo "klaak", nao humaanisha mtu wa ofisini, mwenye kalamu na daftari. Wamarekani hulitamka "klerk", na kwao ni kawaida kabisa kumwita hivyo mwuzaji wa dukani, au hata kijana apokeaye wageni katika hoteli. Ni neno moja lililovuka bahari na kubadili kazi. Na kutoka katika neno hilo hilo Waingereza walipata jina la ukoo Clark, Wafaransa wakapata Leclerc, na Waholanzi wakapata de Klerk. Basi yule F. W. de Klerk, rais wa Afrika ya Kusini aliyemfungulia Mandela gereza mwaka 1990, jina lake lingefasiriwa kwa Kiswahili lingekuwa "Karani" tu.

Lakini tukitaka kujua neno hili lilizaliwa wapi, yatupasa kurudi nyuma sana, mpaka kwa Wagiriki wa kale. Huko tutakuta jambo ambalo mtu wa Buhaya atalielewa upesi kuliko mtu wa London.

Wagiriki walikuwa na neno "kleros". Hapo mwanzo lilikuwa kijiwe au kipande cha mti kilichotiwa katika chombo ili kupiga kura. Walipopata nchi mpya waligawana mashamba kwa kura, na kipande cha ardhi kilichomwangukia mtu nacho kikaitwa "kleros". Baadaye mtu alipokufa, watoto wake walirithi kipande kile, na neno likawa na maana ya urithi pia. Kura, fungu, shamba la urithi: yote matatu katika neno moja. Waarabu nao wana neno linalofanana na hilo kwa maana, yaani "nasibu", ambalo maana yake ya asili ni fungu la mtu, nasi tumelipokea katika Kiswahili tukisema "bahati nasibu".

Sasa niambie, msomaji, shamba la urithi ambalo babu alimwachia baba, na baba akamwachia mwana, lenye migomba na mibuni na makaburi ya wazee, sisi twaliitaje? Twaliita kibanja. Neno "clerk" ambalo leo laonekana kuwa neno la ofisi na wino, mizizi yake imo kibanjani.

Limetokaje shambani likafika kanisani? Njia yake ni Maandiko Matakatifu. Mnakumbuka ya kuwa Waisraeli walipoingia katika nchi ya ahadi, kila kabila lilipewa fungu lake kwa kura. Kabila la Lawi peke yake halikupewa nchi. Vitabu vya Hesabu na Kumbukumbu la Torati vyaeleza sababu: Walawi waliwekwa kwa kazi ya hekalu, na Bwana mwenyewe ndiye fungu lao. Wayahudi waliofasiri vitabu hivyo kwa Kigiriki walitumia neno hilo "kleros". Tena katika Matendo ya Mitume, mahali pale Mitume walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda, kura iliyomwangukia Mathia ni "kleros" pia. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza waliposema juu ya watu waliotengwa kwa huduma ya Kanisa, neno lilikuwa tayari mdomoni. Mtakatifu Yeronimo, katika karne ya nne, alimwandikia barua padre kijana aitwaye Nepotiano akimweleza jina hilo: wameitwa hivyo ama kwa kuwa wao ni fungu la Bwana, ama kwa kuwa Bwana ni fungu lao. Katika Kilatini wakawa "clerici". Sisi leo kanisani twasema "wakleri", yaani mashemasi, mapadre na maaskofu.

Hebu fikirini kidogo. Kwetu mwanamume asiye na kibanja alihesabiwa kuwa mtu wa kuhurumiwa. Angekula wapi? Angezikwa wapi? Nasikia wazee wa Kashozi husimulia kwamba Mapadre Weupe walipofika mwaka 1892 watu walishangaa kuona wanaume wazima wasio na mke wala mji. Na wazazi wa vijana wa kwanza waliokwenda Seminari ya Rubya, iliyoanzishwa mwaka 1904, walikuwa na haki ya kuuliza: huyu mwanangu, kibanja chake nani atakilima? Jina la mkleri lina jibu la swali hilo ndani yake, ingawa nadhani mzazi wa siku zile asingeliona kuwa jibu la kutosha. Mimi ni baba wa watoto watatu, nami simlaumu.

Basi, turudi kwenye safari ya neno. Uingereza walilipokea kutoka Kilatini zamani sana, na baada ya Wanormani kuitwaa nchi ile mwaka 1066 likatiwa nguvu na Kifaransa. Miaka hiyo watu waliojua kusoma na kuandika walikuwa karibu wote ni watu wa Kanisa. Mfalme akitaka barua iandikwe, aliita mkleri. Bwana mkubwa akitaka hesabu ya ngano yake, aliita mkleri. Mwishowe neno likasahau nusu ya maana yake: kila ajuaye kusoma akaitwa clerk. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, katika hadithi zake za mahujaji wa Canterbury ana mtu aitwaye Clerk wa Oxford. Huyo si padre wala karani wa ofisi. Ni mwanafunzi mkondefu apendaye vitabu kuliko nguo nzuri.

Kuna wakati ambapo neno hili lilimwaga damu. Wakleri wa Uingereza walishtakiwa katika mahakama za Kanisa tu, ambazo hazikumhukumu mtu kifo. Mfalme Henry wa II alitaka mkleri aliyetenda uovu aadhibiwe na mahakama za serikali. Askofu Mkuu Tomaso Becket akakataa. Ugomvi wao ulikuwa na mambo mengi, lakini hilo ndilo lililokuwa katikati, na tarehe 29 Desemba 1170 mashujaa wa mfalme walimwua Askofu ndani ya kanisa lake la Canterbury.

Baada ya hapo desturi ikaendelea kwa namna ya ajabu. Mtu akishtakiwa kwa kosa la kunyongwa, aliweza kudai kuwa yeye ni clerk. Mahakama itajuaje? Walimpa kitabu asome! Kwa kawaida walimfungulia Zaburi ya 51, ile ya toba. Akisoma, amepona kamba. Bila shaka wako wevi wasiojua hata herufi moja waliokariri mstari ule kwa moyo. Mwandishi wa michezo Ben Jonson, aliyemwua mwigizaji mwenzake katika pigano la panga mwaka 1598, aliokoka kwa njia hiyo. Walimchoma chapa katika kidole gumba ili asirudie kudai haki hiyo mara ya pili. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1827. Huwaambia watoto wangu hadithi hii wanapokataa kufanya zoezi la kusoma, wala Mama yao haipendi.

Kwa hiyo mnaona neno lilivyoshuka ngazi moja moja: kura, shamba la urithi, mtu wa Mungu, mtu wa kusoma, mtu wa kuandika, na huko Marekani mtu wa kuuza sabuni. Hata hivyo nyayo za zamani hazijafutika. Katika sheria ya Uingereza padre wa Kianglikana bado aweza kuandikwa "clerk". Na huko Dodoma, yule akaaye mbele ya Spika, ambaye sisi twamwita Katibu wa Bunge, kwa Kiingereza yeye ni Clerk wa Bunge. Wenzetu wa Kenya humwita Karani wa Bunge. Basi mtu asidhani kwamba clerk ni lazima awe mdogo.

Tumefika kwenye neno letu wenyewe, karani. Kwa miaka mingi nilidhani ni "clerk" lililokunjwa kwa ulimi wa Kiswahili. Tazameni: k, r, yote yamo. Nilikosea. Karani ni neno la Bahari ya Hindi, ndugu wa neno lililotumika India na kwa Waajemi, nalo lilikuwa kazini kabla Mwingereza hajaweka ofisi Unguja. Katika kitabu kimoja kilichoandikwa India karibu na mwaka 1590, siku za mfalme Akbar, karani ametajwa kati ya watu wa melini. Kazi zake ni mbili: kuandika hesabu za chombo, na kuwagawia abiria maji ya kunywa.

Niliposoma hayo nilikaa kimya. Karani wa meli! Sisi watu wa Bukoba twajua meli, na twajua maana ya meli isiyoandikwa vizuri. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, imebeba jamaa zetu. Hakuna nyumba nyingi hapa pasipo na mtu aliyepotea siku ile, au aliyemjua aliyepotea. Mamia ya watu walikufa, lakini hesabu yao kamili haikupatikana, kwa sababu abiria wa daraja la chini hawakuwa na orodha ya majina. Mama aliyempoteza mwana hakuwa na hata mstari mmoja wa karatasi wa kuonyesha kwamba mwanawe alipanda. Simtaji mtu wala silaumu mtu; wakubwa waliyachunguza hayo. Nasema tu kwamba mahali pa karani palikuwa patupu.

Nchini kwetu makarani walikuwa na siku zao za fahari. Wadachi walipojenga boma la Bukoba mwaka 1890, na katika maboma yao mengine, walitumia Kiswahili katika kazi nyingi za ofisi, na aliyejua kukiandika alikuwa mtu mkubwa. Baadaye, wakati wa Waingereza, Martin Kayamba, karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga, aliunda mwaka 1922 chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Mwaka 1929 ikaanzishwa African Association huko Dar es Salaam, na wengi wa watu wake wa mwanzo walikuwa makarani na walimu. Njia hiyo ndiyo iliyofika TANU mwaka 1954. Watu waliowekwa kuandika barua za mtawala walijifunza hapo hapo namna ya kumwandikia mtawala barua. Na kwetu hapa tulikuwa na F. X. Lwamgira wa Kiziba, katibu wa baraza la Wakama, ambaye kalamu yake haikuishia kwenye barua za serikali: alituachia kitabu cha habari za Kiziba na Wakama wake, kilichotoka mwaka 1949. Asingeyaandika, mengi tungeyasikia leo kama uvumi.

Siku hizi jina limeshuka bei. Mtu asema, "Usinisumbue, wewe ni karani tu." Lakini mkulima apelekaye kahawa yake chama cha msingi anajua kwamba karani wa mizani ndiye amwezaye kumpa au kumnyima kilo mbili. Tena tarehe 23 Agosti 2022 nchi nzima ilianza kuwapokea makarani wa sensa na vishikwambi vyao, wakiuliza kila nyumba nani alilala humo usiku ule.

Na karani wa parokia? Kazi yake ni daftari. Sheria ya Kanisa yaagiza kwamba kila abatizwaye aandikwe bila kukawia: jina lake, wazazi, wasimamizi, aliyebatiza, mahali na siku ya ubatizo, mahali na siku ya kuzaliwa. Pembeni huongezwa kipaimara, ndoa, na upadre ukiwapo. Paroko ndiye mwenye dhamana, lakini mkono mara nyingi ni wangu. Watu huja na haja za dunia hii: kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, mafao ya mzee. Kwa mtu aliyezaliwa nyumbani miaka ya hamsini, daftari letu mara nyingi ndilo karatasi pekee duniani linalosema kwamba alizaliwa.

Niwaambieni kosa langu, kwa kuwa kijana yule ndiye aliyenikumbusha. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, ndugu wawili wa baba mmoja na mama mbalimbali walikuwa wakigombea kibanja cha marehemu baba yao. Kwa mila, mtoto wa kiume mkubwa ndiye omusika, mrithi mkuu, na wazee wa ukoo waliambiwa kwamba kila mmoja alete cheti cha ubatizo. Nikafungua daftari la zamani, lililoandikwa kwa Kilatini na padre wa Ulaya. Yule wa kwanza nilimwandikia 1957. Wa pili 1954. Nikapiga mhuri, Paroko akatia sahihi kwa kuniamini, nao wakaenda.

Siku ya kikao alisimama bibi mmoja kikongwe, shangazi yao. Akasema, "Huyu mnayemwita mdogo nilimbeba mgongoni alipokuwa mgonjwa wa surua, na mwenzake alikuwa bado hajazaliwa. Karatasi inisamehe." Wazee walipatwa na mashaka, wakaahirisha shauri. Nilipopata habari nilirudi kwenye daftari jioni ile ile, nikalisogeza dirishani. Padre yule wa kale aliandika 1 yake kwa mtindo wa kwao, yenye mkia mrefu unaoteremka kutoka kichwani, nami niliisoma kama 7. Nikatazama 7 zake katika kurasa nyingine: zote zina kijistari katikati. Mtu yule alizaliwa mwaka 1951.

Nikaenda kwa Paroko. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Ulisoma, au ulitazama?" Kisha akatia sahihi cheti kipya, akaniambia nikipeleke mwenyewe kwa miguu, nisimtume mtoto.

Nilimkuta mzee yule anapalilia migomba. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu ingawa hakuwa na miwani yake, akaniuliza kama safari hii nina hakika. Nikasema ninayo. Akaikunja, akaitia katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya kliniki, akaniambia, "Basi mwanangu, nenda kwa shangazi ukamwambie naye, maana ndiye aliyesoma vizuri." Kisha akashika jembe lake, nami nikachukua njia ya kwa bibi.